Kisiwa cha Yaya Bahati

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, nimekaa nyumbani kwetu Kilibula mbele ya kompyuta isiyo yangu, nacheza kwa siri. Usinicheke. Ninyi leo mnacheza kwenye simu, mkikwama mnatafuta jibu, mnaendelea. Sisi tulikuwa na mashine moja nyumba nzima, betri moja iliyochajiwa na jua, na mchezo mmoja. Na mchezo wenyewe ulikuwa wa kaka yangu mkubwa, Bahati, ambaye kwa heshima tulimwita Yaya.

Yaya Bahati alikuwa fundi wa redio. Wiki sita kabla ya siku hiyo alianguka na pikipiki, akavunjika mguu, akapandishwa hospitali kule Lemera, na mama akaenda kumuuguza. Tangu ajali aligeuka mtu wa kimya. Mama alituambia kwenye simu kwamba hataki kula, hataki wageni, na kwamba huchangamka kidogo tu akizungumzia mlango wa mnara. Mlango huo ulikuwa ndani ya mchezo. Aliutafuta miezi minane, na alipoufikia ukakataa kufunguka. Mimi alinionya mapema: "Mado, usiguse muchezo yangu. Nikirudi, ule mulango nitaufungula minye mwenyewe."

Nikaugusa. Kwa nini? Kwa sababu nilikatazwa, sina sababu nyingine ya kukupa. Nikaanza mchezo upya, nikatembeza kishale huku na huku, nikafurahi. Mara betri ikaanza kulia, ile milio ya kukuambia zimebaki dakika mbili. Mchezo ulikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhi ulipofikia. Ukaniuliza kwa Kifaransa kama nifute ya zamani niweke mpya. Swali nilielewa vizuri. Lakini niliogopa kupoteza nusu saa yangu, nikabonyeza "Oui", yaani ndiyo, mbiombio, mashine ikazimika. Ndipo akili ikanijia kwamba nimefuta miezi minane ya mgonjwa.

Jioni ile simu ikalia.

"Mado, mashini iko salama?"

"Iko salama, Yaya."

"Badaktari banasema kesho kutwa... hapana, Samedi, ile Jumamosi ijayo, nitashuka. Uniwekee betri ijae."

Nikakata simu. Niliamua kuurudisha mchezo hadi pale alipouacha, kabla hajafika. Nilikuwa na siku sita, na kila siku betri ya saa mbili tu, jua likiwa kali. Nilidhani ni suala la kukimbia.

Mwanangu, mchezo ule ulikuwa unakutupa kwenye gati la kisiwa bila kukuambia uende wapi. Njia zote zilikuwa wazi tangu dakika ya kwanza: bandari, kinu, makaburi, nyumba ya watawa, na mnara kule juu. Unaonyesha kwa kishale, unabofya, unakwenda. Lakini kila mahali palidai kitu kilichoko mahali pengine, na hapo pengine napo palidai cha kwake. Jumapili na Jumatatu nilibofya kila kitu kama kuku anayedonoa. Mfuko wangu ukajaa kamba, kijiko, funguo tatu, chupa tupu, na sikujua hata kimoja ni cha nani. Jumanne nilijikuta makaburini kwa mara ya saba, nikalia machozi ya kweli mbele ya makaburi ya kuchora.

Nyuma yangu alikaa Koko, bibi yetu mzaa mama, aliyeteremka kutoka milimani atulinde mama asipokuwepo. Alikuwa anachambua maharagwe. Kompyuta hakuijua, lakini macho yake hayakupitwa na kitu.

"Weye, ule muzee wa pale kwenye mashua, ulimusalimia?"

"Koko, ile ni picha tu."

"Picha! Mutu anasimama, anakuangalia, na weye unapita mara kumi. Ni nani alikufundisha ivyo?" Akatikisa ungo wake kwa hasira. "Kule kwetu, ukungu ikikukamata mu njia, haukimbie. Unarudia pa nyumba ya mwisho kwenye ulisalimia mutu. Pale njo unauliza. Na weye haukusalimia hata mumoja, sasa utarudia wapi?"

 Akainamia ungo, kisha akauliza polepole, "Bahati anajua unacheza?"

"Anajua, Koko." Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo lilinitisha.

Jumatano nikachukua daftari la shule, nikarudi gatini. Nikambofya mzee wa mashua, akaongea karibu dakika tano. Kumbe alikuwa anajua habari za kisiwa kizima! Nikachora kila mahali kwa kalamu, nikaandika nani anakaa hapo na anakosa nini, kwa maana Koko hakuniachia nafasi ya kupumua: "Na ule wa kinu, anakosa nini? Andika." Kamba ikapata mwenyewe, chupa ikapata mwenyewe. Kisiwa kilichonizungusha siku tatu kikawa mtaa ninaoufahamu. Alhamisi nilivuka kinu, na jioni Yaya akapiga simu, nikamwambia tena kwamba mashine iko salama. Sauti yake ilikuwa na furaha.

Ijumaa nikaufikia mlango wa mnara. Kando yake zilining'inia kengele nne, za kupigwa kwa mpangilio fulani. Hapo ndipo Yaya alipokwama. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, nilitakiwa nihifadhi na kuzima. Lakini kila mtu wa kisiwa alikuwa amenitajia kengele moja, na zote nilikuwa nazo daftarini. Nikasema nijaribu mara moja tu, nione kama nimepatia. Nikagonga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mlango ukafunguka, nikajikuta ndani.

Na betri ikaanza kulia. Tangu asubuhi sikuwa nimehifadhi chochote. Nikizima, narudi kwenye kinu, na kesho Yaya anafika. Nikihifadhi, atakuta mlango uko wazi. Nilitafuta njia ya tatu nikaikosa, milio ikawa ya harakaharaka. Nikabonyeza "Oui".

Jumamosi Yaya aliingia kwa magongo mawili, amekonda. Hakutaka chakula. Alikaa moja kwa moja kwenye mashine, mguu ameunyosha juu ya kigoda, akawasha. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni. Akatazama ukuta wa ndani ya mnara.

"Ni nani alifungula?"

Nikamwambia yote, tangu "Oui" ya kwanza. Hakupiga kelele. Alitoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani. Kengele nne, zimechorwa kwa kalamu ya risasi, kwa mpangilio uleule.

"Nilifikiria hii wiki saba pale pa kitanda. Nilitaka nipige na mukono yangu." Akafuta uso kwa kiganja. "Mado, siku ya kwanza, juu ya nini haukuniambia? Minye najua ile njia yote. Ningekuongoza pa simu, weye hapa, minye kule. Ule mulango tungeufungula sisi bawili."

Akazima mashine, akaomba maji ya kunywa. Mchezo ule hakuufungua tena maisha yake yote, ingawa mimi alinisamehe jioni ileile.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukitupwa mahali penye njia nyingi, usikimbie. Simama, salimia watu, uliza, andika. Hilo Koko alinifundisha na limenifaa. Lakini ukiharibu kitu cha mtu, wa kwanza kumuuliza njia ni yeye mwenyewe, hata kama ndiye unayemwogopa kuliko wote. Mimi niliwauliza wote wa kisiwani, nikamdanganya mtu wa pekee aliyekuwa anaifahamu njia, na alikuwa ananipigia simu mwenyewe. Nilimnyima furaha yake nikidhani ninamrudishia.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na mtu wa kukupokea ukikiri. Nenda salama, mwanangu, na wenzako wafurahi wakisikia unarudi.