Katuni Iliyomchekesha Kuku

Siku hizi nikienda Korogwe kwa dada yangu hujikuta nimekaa na wajukuu wake mbele ya televisheni, maana wakitoka shule hawataki kitu kingine. Siku moja walikuwa wakitazama katuni ya msichana wa shule aliyeharibiwa na mjomba wake. Walimchora kwa macho makubwa yaliyojaa machozi, na kila alipotokea mvua ilinyesha. Mwishoni akamwambia mwalimu wake, mjomba akakamatwa, jua likawaka, msichana akacheza na wenzake.

Mjukuu mdogo akauliza, "Bibi, amepona?"

Dada yangu alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Wamemponya upesi mno. Halafu wamemchora analia tu. Mtu halii hivyo kutwa, ana kazi za kufanya." Akapepeta kidogo, akaongeza, "Lakini hawa angalau hawakumchekesha."

Watoto hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikainuka nikaenda uani.

Tulikuwa wasichana wawili kwa baba yetu, Wazigua wa upande wa Misima. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zilipangwa kwa mstari na maji yalibaki mbali, kwenye lambo lililokuwa ng'ambo ya pori. Mama alikuwa ametuwekea sharti kwamba tusiende lamboni mmoja mmoja. Tulikuwa tukienda pamoja, dada mbele, mimi nyuma, tukipiga kelele njia nzima.

Kisha nikaugua homa. Asubuhi ile sikuweza hata kuinua kichwa, na ndani hamkuwa na maji ya kunipoza. Mama alikuwa ameniegemeza kifuani. Dada akachukua ndoo, akasema, "Nakwenda na kurudi, mama. Huyu anaungua." Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye, hakumzuia. Dada akaenda peke yake.

Aliyemvizia alikuwa mtu wa mstari wetu, mtunza ghala la kijiji, mwanamume mwenye mke na watoto, tuliyemwamkia shikamoo kila asubuhi. Dada alirudi ndoo ikiwa tupu na khanga imechanika. Alinikanda kwa maji ya jirani kabla hajamwambia mama lolote.

Wazee walikaa na baba. Mtunza ghala akaleta mbuzi, akaomba radhi, balozi wa nyumba kumi akasema yaishe kimya kimya ili binti asije akakosa mume. Baba akakubali. Mbuzi akachinjwa, tukala nyama na bada la muhogo. Dada hakula. Mimi nilikula, kwa sababu nilikuwa natoka kwenye homa na njaa ilikuwa imenirudia. Nikitafuna nilijua kwamba nisingeugua, yule mbuzi asingekuwapo. Hakuna aliyeniambia hivyo. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, likaja gari la sinema, Landrova lenye jenereta na kipaza sauti. Shuka nyeupe ikafungwa kwenye nguzo mbili uwanjani, na jua lilipozama kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini. Tukaonyeshwa kwanza namna ya kuchimba choo na kuchemsha maji. Kisha mtangazaji akasema sasa ni burudani, ni picha za kuchorwa.

Wengi wetu hatukuwahi kuona mchoro unatembea. Alitokea kuku jike aliyevaa gauni na kubeba kikapu, anapita njiani. Mbweha mwenye koti alikuwa amejibanza nyuma ya kichaka. Akamrukia, akamburuta, kichaka kikatikisika, manyoya yakaruka juu. Watu wakacheka. Kuku akatoka gauni limepinda, nyota zinamzunguka kichwani, akajitazama, kisha akatabasamu na kumfuata mbweha kwa mikogo. Mtangazaji akapaza sauti: "Kumbe alikuwa anajifanya!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtunza ghala alikuwa amekaa mbele, nikaona mabega yake yakitikisika.

Dada akasimama. Mama alimshika nguo lakini akajinasua, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya mwanga, na kivuli chake kikafunika shuka yote. Watu wakapiga kelele akae chini. Hakukaa.

"Huyo kuku hakucheka," akasema. "Mimi sikucheka. Nilimwambia aniache, nina mgonjwa nyumbani." Akamgeukia mtunza ghala, akanyoosha mkono. "Muulizeni. Yuko hapo."

Jenereta iliendelea kunguruma. Mtangazaji akazima picha. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikimbia mpaka mbele, akavua koti lake, akamfunika binti yake mabegani, akamrudisha nyumbani.

Asubuhi baba alimfuata balozi. Nilikuwa nimemshika mkono.

"Mzee mwenzangu," balozi akasema, "haya si tulikwishayamaliza?"

"Tuliyamaliza mimi na nyinyi," baba akajibu. "Mwenyewe hakuwepo. Nilikula nyama ya mwanangu, na leo nakwenda polisi Handeni."

Akaenda, na dada akaenda naye. Mtunza ghala hakusubiri. Tulisikia amepanda gari la mkonge kuelekea Korogwe, na tangu hapo hakuonekana. Mkewe alibaki na watoto, na hakuna aliyemwamkia. Dada alipelekwa kwa shangazi kule Kerenge amalizie shule, akajifunza kushona, akaolewa na mwanamume aliyejua yote kabla ya posa. Hata hivyo nyumbani aliondoka yeye, mimi nikabaki, na njia ya lamboni nikawa napita na binti wa jirani.

Baba hakula tena nyama ya mbuzi mpaka alipokufa. Siku tulipomzika ndipo nilipopata ujasiri. Tulikuwa tunaosha masufuria ya wageni, nikamwambia dada kwamba maisha yangu yote nimejiona ndiye niliyempeleka lamboni.

Aliendelea kusugua. "Ulikuwa mtoto, una homa," akasema. "Yeye alikuwa mtu mzima, ana pori zima la kupita."

"Ningekuwa mzima tungekwenda wote."

"Ndiyo," akasema. "Tungekwenda wote. Ulikuwa mdogo kuliko mimi." Akanitazama. "Hilo nimeliwaza mara nyingi. Nikaona afadhali uliugua."

Nilikuja kutafuta nafuu, kumbe yeye miaka yote hiyo alikuwa akishukuru kwamba lilimpata yeye, si mimi. Nikarudi nyumbani nikiwa nimebeba na hilo.