Vitenge Juu ya Paneli

"Boti yako ya chuma ndiyo inayonyonya umeme! Ungenunua ya mbao!" mama mdogo alifoka, begi begani, tayari kurudi Barking, mashariki mwa London, kwa kaka yake.

"Chuma hakinyonyi umeme, mke wangu," baba mdogo alijibu kwa unyonge. "Nadhani betri zimekufa."

Bila taa, mama mdogo asingelala tena kwenye boti ile waliyoishi mferejini. Nikapanda paani kutazama. Paneli ya jua inayochaji betri sikuiona. Niliona vitenge vya mama mdogo vya kanisani, vimetandazwa vizuri juu yake. Nilipovitoa, betri zikaanza kuchaji. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Simlaumu mama mdogo. London jua ni la kubahatisha, na kwetu likitoka tunaanika kwanza.

Alishusha begi, akasimama mlangoni.

"Basi nifungie kamba ya kuanikia," akamwambia mumewe. "Na nguo zangu zinataka jua."