Sahihi Mbili Katika Daftari la Lifti

Simu ya wakala wake wa vibali ilimkuta Spana juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, mikono imejaa grisi.

"Fundi, kuna kijibarua kimekuja kutoka uhamiaji. Usijali. Ukitoka kazini pitia ofisini."

Neno "kijibarua" ndilo lililomtisha. Mtu akikupunguzia jambo kabla hujaliona kwa macho, ujue ni kubwa.

Huyu Spana alikuwa fundi wa lifti. Wenzake walimpa jina hilo kwa urefu na wembamba wake, likamganda mpaka msimamizi wake akawa analiandika kwenye ratiba ya kazi. Alikuwa na mwaka wa sita ugenini, yeye, mkewe aliyefanya usafi katika shule ya jirani, na binti yao wa miaka mitano. Kibali chake cha kazi kilikuwa kimebakiza miezi minne. Nchi ile ilikuwa na mlango mmoja kwa mafundi kama yeye: ukaazi wa kudumu, unaopatikana kwa alama. Umri una alama zake, lugha ina zake, masomo yana zake, na miaka ya kazi ya kabla ya kuhamia inahesabiwa kwa barua na mihuri. Mtihani wa lugha aliufaulu mara ya pili. Maombi yake yalikuwa yameingia tangu mwaka uliopita, na yote yaliyobaki aliyaacha mikononi mwa wakala.

Wakala alimkaribisha kwa tabasamu na kumsogezea karatasi. Spana aliisoma akiwa amesimama. Barua ya uzoefu, ilisema, inaonyesha kwamba mwombaji alifanya kazi katika kampuni ya lifti ya kwao kwa miaka sita. Lakini fomu ya kibali chake cha kwanza inaonyesha kwamba katika miezi sita ya kwanza ya miaka hiyo alikuwa mwanafunzi wa kutwa chuoni. Aeleze tofauti hiyo ndani ya siku kumi na nne. Akionekana ametoa taarifa za uongo, anaweza kuzuiwa kuomba tena kwa miaka mitano.

Aliangalia tarehe. Barua ilikuwa na siku tisa.

"Umekaa nayo siku tisa?"

"Nilikuwa natafuta jibu zuri."

"Na hii miaka sita imetoka wapi? Kampuni ile nimefanya mitatu."

Wakala alishusha sauti. "Mitatu alama hazikutosha, fundi. Nikaisogeza tarehe kidogo."

"Na ile miwili na nusu niliyofanya na mzee aliyenifunza ufundi, baada ya chuo, kabla ya kampuni? Si nilikwambia?"

"Mzee yule hakuwa na kampuni, hakuwa na mhuri, na ameshafariki. Afisa amfuate kaburini?" Akainama mezani. "Sikiliza. Tunajibu kwamba ulisoma jioni ukafanya kazi mchana. Fomu ile ya kwanza ulikosea kuijaza. Basi. Nani atakwenda mpaka chuoni kuuliza?"

"Mimi sikusema uongo huu."

"Sahihi ya mwisho ni ya nani?"

Ilikuwa ya Spana. Ni kweli alitia sahihi, siku moja kati ya kazi mbili, bila kufungua kurasa za katikati.

Nyumbani alimweleza mkewe kila kitu. Mkewe alisikiliza huku akikunja nguo za shule za mtoto, na kadiri maelezo yalivyoendelea ndivyo alivyozidi kuzikunja kwa nguvu.

"Wewe," alisema mwishowe, "huwezi kusaini breki ambayo hujaigusa kwa mkono wako. Halafu ukasaini maisha yetu bila kuyasoma?"

"Nimekosa, mama."

"Umekosa, ndiyo. Sasa tukisema kweli?"

"Wanaweza kutukatalia."

"Na tukisema uongo?"

"Wanaweza wasigundue. Au wagundue mwaka kesho, au mtoto akiwa sekondari."

Mkewe aliweka nguo chini. "Siwezi kuishi nikisikiliza mlango, nikingoja ugongwe. Lakini ukweli mtupu nao haujazi fomu. Huyo mzee wako hakuwahi kuandika chochote? Hata kikaratasi?"

Hapo ndipo Spana alipokumbuka. Kila lifti ina daftari lake la matengenezo, linalokaa katika chumba cha mashine juu ya ghorofa ya mwisho. Fundi akihudumia, anaandika tarehe, alichokuta na alichofanya, kisha anatia sahihi. Mzee wake alikuwa na kanuni moja: mkono uliogusa ndio utie sahihi. Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa na sahihi mbili, ya mzee na chini yake ya mwanafunzi wake. Walikuwa wakihudumia majengo matatu.

Asubuhi, kabla ya kuingia kazini, alimpigia dada yake mkubwa, mshona nguo, aliyebaki kwao. Dada huyo alikuwa na sifa moja iliyojulikana na ukoo mzima: hapandi lifti, hata aahidiwe dhahabu.

"Mdogo wangu," alisema dada baada ya kuelezwa, "mimi ni fundi cherehani. Leo unanifanya fundi lifti?"

"Dada, nimebakiwa na siku nne."

Kicheko kilikatika upande wa pili. "Nitajie hayo majengo."

Siku ya kwanza dada alikwenda kwenye jengo la ofisi za bima, akakuta uwanja wa kuegesha magari. Jengo lilishavunjwa. Siku ya pili alikwenda zahanati ya ghorofa nne. Lifti ilikuwa mpya, na madaftari ya zamani yalichomwa pamoja na takataka. Kila dada alipopiga simu, Spana aliiona sura ya mkewe ikibadilika kabla yeye hajatamka neno. Kazini alifunga nati moja mara tatu, akaifungua tena, hakukumbuka kama ameikaza. Msimamizi alimshusha. "Leo kaa chini upange vipuri," alimwambia. "Juu kule akili ikihama, mtu anakufa."

Siku ya tatu dada alifika hosteli ya wanafunzi, jengo la mwisho. Mlinzi wa jengo, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni, alikataa katakata.

"Chumba cha mashine hakiingiwi na mtu wa nje. Leta barua ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Amesafiri. Atarudi wiki ijayo."

Dada hakubishana. Alipiga simu ya video na kumwekea mlinzi usoni. "Basi mkatalie mwenyewe. Huyu hapa, ndiye aliyekuwa akiihudumia lifti yenu."

Spana alikuwa katika ghala la vipuri, amezungukwa na maboksi. Mlinzi alimkagua kwa macho ya mashaka.

"Kila mtu anaweza kusema hivyo. Haya, lifti hii ina tabia gani?"

"Mlango wa ghorofa ya tatu," Spana alijibu bila kupumua, "unafunga, unafunguka kidogo, ndipo unafunga kweli. Tulibadilisha kila kitu pale, haukuacha."

Mlinzi aliangua kicheko hadi funguo zikalia. "Mpaka leo! Mpaka leo haujaacha! Mama, nifuate."

"Kwa ngazi," alisema dada.

"Ghorofa nane?"

"Kwa ngazi, baba."

Alifika juu akihema. Ndani ya kabati la chuma palikuwa na madaftari manne. Moja panya walikuwa wamelitafuna pembe. Alipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, mlinzi akimmulikia kwa tochi. Kurasa hamsini na nane zilikuwa na sahihi mbili. Miezi mitatu haikuonekana kabisa.

Siku ya mwisho Spana aliomba ruhusa kazini. Wakala alipiga simu mara mbili. Ya kwanza alibembeleza. Ya pili alitisha. "Ukinitaja, utazama na mimi."

"Mimi nimeshalowa," Spana alimjibu, akakata.

Yeye na mkewe waliandika barua ya kurasa mbili. Waliandika kwamba tarehe katika barua ya kampuni ilibadilishwa, nani aliibadilisha, na kwamba yeye mwombaji alitia sahihi bila kusoma, kosa ambalo ni lake. Wakaeleza kazi halisi, pamoja na miezi mitatu isiyo na ushahidi. Mtandao wa uhamiaji ulikataa picha za dada kwa sababu zilikuwa nzito mno. Wakazipunguza moja moja. Saa ya kufunga ofisi ilipobakiza dakika ishirini na mbili, kioo cha kompyuta kiliandika: imepokelewa. Mkewe aliinuka akaenda kumchukua mtoto shule.

Jibu lilichukua wiki saba. Maombi yamekataliwa, lilisema, kwa sababu yalikuwa na waraka uliobadilishwa. Spana aliketi kwenye ngazi za nje akaisoma barua mpaka mwisho, safari hii kila neno. Mstari wa mwisho ndio uliomwinua: kwa kuwa mwombaji ameeleza ukweli mwenyewe, hatazuiwa kuomba upya.

Kibali kilikuwa kimebakiza wiki tisa. Msimamizi wake alijikuna shingo, akasema fundi anayekubali kosa kabla lifti haijaanguka anamfaa, akamwombea nyongeza ya mwaka mmoja. Lakini Spana alikuwa ameshavuka umri wa alama za juu, na alama zake za umri zilipungua. Ilibidi azifidie kwa lugha. Miezi mitano alisoma akila, akisafiri, akioga. Binti yake akawa mwalimu wake wa matamshi, mkali kuliko wa darasani. Alifanya mtihani tena, akapata alama alizozihitaji na moja zaidi.

Mara hii alijaza fomu mwenyewe. Kila ukurasa alimsomea mkewe kwa sauti, na mkewe alikuwa na haki ya kumsimamisha.

Wakamwita kwenye mahojiano. Afisa alikuwa mama mtu mzima, miwani imeshuka puani, picha za daftari zimetandazwa mbele yake. Alizifunua polepole.

"Kwa nini kila ukurasa una sahihi mbili?"

"Ya kwanza ni ya mwalimu wangu. Ya pili ni yangu."

"Hapa," afisa alionyesha kwa kalamu, "ipo ya pili tu."

Spana aliinama kuangalia. "Siku hiyo alikuwa mgonjwa. Nilikwenda peke yangu. Mkono wake haukugusa, kwa hiyo sikumwandika."

Afisa aliandika kitu kirefu. "Asante. Subiri jibu kwa posta."

Walisubiri wiki kumi na moja. Bahasha ilipofika mkewe ndiye aliyeifungua, sebuleni, bado amevaa aproni ya kazi. Ndani mlikuwa na kadi tatu za ukaazi wa kudumu. Ya mtoto ilimwonyesha amefumba jicho moja.

Jumamosi walikwenda dukani kununua kitanda cha mbao. Miaka yote hiyo walikuwa wakilala kwenye godoro sakafuni, kwa sababu mkewe alikataa kununua kitu ambacho watu wawili hawawezi kukibeba kwa haraka. Muuza duka aliwauliza kama wangependa kile chepesi, kinachokunjwa.

"Hapana," alisema mkewe. "Tupe kizito."