Mazishi Yote kwa DVD Moja

Mdogo wake Dani alizikwa wakati Dani mwenyewe amelazwa hapa Eldoret, mguu umevunjika. Dani ni nyanya yangu, mamake baba. Baba alimwambia, "Tulimzika vizuri, Mama," lakini Dani hakutosheka. Alitaka kuona kwa macho yake kama wakwe walimweka dadake kando ya kaburi la bwanake, ama walimsukuma kule chini kwa ua, mwisho wa boma, kwa vile walikuwa hawamtaki. Huko Migori kwa hao wakwe mguu wake haungemfikisha. Kwa hivyo alipotolewa plasta, akasema harudi kwake Siaya bila video ya mazishi. Televisheni yake haijui fleshi. Inajua DVD tu.

Baba akanitazama. "Si wewe unasoma kompyuta shuleni?"

Nikasema ndiyo. Kompyuta tunayosoma sisi Form Three mara nyingi ni ya kuchora kwenye daftari, lakini hiyo sikusema. Akaniachia laptop yake ya zamani, ile bado ina mlango wa CD, pamoja na fleshi yenye video. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mchana baba mdogo angekuja kumchukua Dani.

Dukani nilipoenda kununua DVD tupu, mzee mmoja Msomali anayeuza redio na chaja aliniuliza, "DVD gani? Minus ama plus?"

Sikujua. Nyuma yangu walikuwa vijana wawili wanangoja. Nikasema, "Yoyote."

"Yoyote si jina, dada. Ongea, mimi siumi."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mpe ile ya kunyamaza." Yule mzee akaona nimeiva masikio, akanichanganyia mwenyewe: plus mbili, minus moja.

Programu ya kwanza niliyotoa kwa mtandao ilikuwa na sura nzuri, ila ilibandika jina lake katikati ya picha mpaka ulipe. Kuangalia, jina limekaa juu ya jeneza. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa ya bure, sura mbaya, maswali mengi. Kila swali nilijibu "sawa", vile mimi hufanya na watu.

Nikajaribu kuchoma, yaani kunakili, kipande kifupi kwa plus. Deki yetu ya DVD ikakoroma, ikatafuta, ikasema hakuna kitu ndani. Plus ya pili, vilevile. Ikabaki minus moja. Ijumaa asubuhi nilienda dukani kununua zingine. Nikafika ng'ambo ya barabara, nikaona mmoja wa wale vijana amesimama mlangoni anaongea na simu. Nikangoja atoke. Hakutoka. Nikarudi nyumbani.

Video ilikuwa na urefu wa saa sita. Programu ikaniambia kwa maandishi mekundu kwamba haitaingia: nitoe kitu, ama ibane yote na picha iharibike. Mheshimiwa, mbunge wao, peke yake alikuwa ameongea karibu saa nzima, mambo ya barabara. Mchungaji alikuwa na wachungaji wengine wa kutambulisha, chifu naye alikuwa na wazee wake. Niliweka kishale juu ya mheshimiwa, nikakiondoa. Kwetu, mtu mmoja akisahauliwa katika salamu za mazishi, hiyo inaongelewa miaka. Na mimi ningefuta wote? Mama alikuwa jikoni hapo karibu. Ningeweza kumuuliza. Nikabonyeza bana yote.

Ilimaliza saa saba mchana. Deki ikaikubali hiyo minus, na nikafurahi kidogo. Dani alikuwa ameshafunga mizigo. Akasema, "Nyakwara, mjukuu wangu, nipelekee mbele mpaka pale kwa kaburi."

Picha ilikuwa uji. Watu hawakuwa na nyuso, udongo na nguo zilikuwa rangi moja, na kila kamera iliposonga, yote yalivunjika kuwa vijiboksi. Dani alivuta kiti mpaka goti likagusa meza ya televisheni.

"Huyu wa kitambaa ni nani?"

"Sijui, Dani."

"Na hiki cheupe? Si ndiyo simiti ya kaburi la bwanake?"

Kilikuwa kitu cheupe tu. Kingeweza kuwa shati. Baba mdogo alikuwa anapiga honi nje, na Dani amenigeukia, ananiangalia mdomo.

Nikasema, "Ndiyo, Dani. Wamemweka kando yake."

Akapangusa macho kwa leso, akasema, "Kumbe niliwadhania vibaya wale watu." Akaitoa DVD mwenyewe, akaifunga ndani ya gauni lake la kanisa. Kwa mlango alinishukuru mara mbili, akamwambia baba mdogo kwamba sasa anaweza kulala.

Wazo la kumwonyesha kwa laptop lilinijia gari likiwa limeshatoka. Nikaiwasha, nikaweka fleshi, nikaenda mpaka pale. Picha ilikuwa safi kabisa. Ule weupe ulikuwa hema. Shimo lilikuwa limechimbwa chini kule, kwa ua, hatua mbili tu kutoka kwa waya. Kaburi la bwanake halionekani popote mpaka mwisho, wakati kamera inarudi juu nyumbani.

Nilichukua simu ya mama. Nilitafuta namba ya baba mdogo, nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine. Mama akauliza nampigia nani. Nikasema hakuna mtu, nikafuta na huo, nikamrudishia simu.