Apanga foleni ya maji ya mji, msibani kwao hakuna tone

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ofisi ya malori ya maji hapa Kotebe bado inanuka jiki ya mfagiaji. Tsigereda Alemayehu hajavua hata netela yake, shali nyepesi ya mabegani. Anawasha kompyuta, anaifungua safu ya mwisho ya jedwali na kuanza kufuta neno moja tu: saa. Mstari kwa mstari.

"Kazi yangu ndiyo hii," anasema huku akipiga miayo. "Kufuta nilichokiandika jana."

Safu hiyo inaonyesha kila mtaa umekaa saa ngapi bila maji. Ulio juu ndio unaopelekewa lori kwanza. Sasa bosi wake, Ato Mesfin, anataka kila tarakimu ifuatwe na neno "saa", ili wageni wakitazama skrini kubwa ya ukutani waelewe.

Balaa linaanzia hapo. Tarakimu ikishabandikwa neno, kompyuta haiihesabu tena, inaisoma kama jina la mtu, kuanzia herufi ya kwanza. Tisini na nane inapanda juu ya mia moja thelathini na moja, eti kwa kuwa inaanza na tisa, na tisa ni kubwa kuliko moja. Basi!

Kwa hiyo Tsigereda hufuta, hupanga, huwatuma madereva, kisha huyarudisha maneno yote kabla bosi hajamaliza kahawa yake. Ni mwaka wa nne huu. Mshahara ni ule ule, macho ndiyo yanayopungua.

"Nimemwambia mpaka koo limekauka. Ananijibu, 'Tsigereda, hayo mambo madogo.'"

Mwezi uliopita alifiwa na Askale, shangazi aliyemlea. Turubai likafungwa uani, majirani wa chama cha kuzikana wakaleta viti na masufuria. Kilichokosekana ni maji. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka siku nyingi. Sahani zenye mabaki ya mchuzi wa shiro zikarundikana, na waombolezaji wakawa wananawa kwa maji ya chupa, kifuniko kimoja kimoja. Aibu iliyoje!

"We Tsigereda, si wewe unayegawia mji mzima maji?" alimfokea Mama Zenebech, msimamizi wa jikoni. "Sisi tumekukosea nini?"

Tsigereda akajitenga nyuma ya turubai, akampigia simu Hiruy, mwenzake wa ofisini.

"Mtaa gani uko juu leo?"

"Gerji. Tisini na nane."

"Na kwetu?"

Hiruy akateremka hadi mwisho wa safu. "Mia moja thelathini na moja. Lakini mko chini kabisa, dada. Ndivyo ilivyojipanga."

"Futa hayo maneno, Hiruy! Futa, upange upya!"

"Lori limeshaondoka. Na Ato Mesfin yuko hapa na wageni, nitamwambia nini?"

Anasema alilia pale kuliko alivyolia makaburini. Hakwenda kazini kwa sababu ya msiba, na msiba ukakosa maji kwa sababu hakwenda kazini.

Kesho yake Ato Mesfin akaja kutoa pole, kama bosi yeyote wa hapa anavyopaswa. Mama Zenebech akamletea beseni, akainamisha birika juu ya mikono yake. Halikutoka kitu.

"Nawa, bwana," akamwambia. "Maji yetu ndiyo hayo."

Ato Mesfin alibaki amekinga mikono, kisha akatoka nje na simu sikioni. Lori lilifika jioni, waombolezaji wakiwa wameshatawanyika.

Na ile safu? Tsigereda anacheka kwa uchovu. "Alisema ataishughulikia. Lakini kuna wageni wengine mwezi huu, kwa hiyo neno limebaki."

Jumamosi hii ni arobaini ya shangazi. Ameomba ruhusa, na Hiruy ameapa kwamba safari hii atayafuta maneno, bosi awepo asiwepo.

Namuuliza anatamani nini katika kazi hii. Hafikirii hata kidogo.

"Natamani siku moja niumwe tu. Nilale kitandani kama watu wengine, na mji usijue."

Na Hiruy, anamwamini?

"Namwamini sana," anasema, na vidole vinarudi kwenye safu. "Ila madumu nimeshaanza kuyajaza."