Pampu Iliyosomeka Imezimwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kule Singida, Fundi Mkuu alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni akaniuliza kama nimeleta chai. Nikamwonyesha barua ya ajira. Aliisoma mara mbili, akanikabidhi bisibisi, koleo na taa ya kupimia, yaani balbu ya gari yenye waya mbili na betri yake. "Macho hudanganya," akasema. "Taa haidanganyi. Pima kwanza, uangalie baadaye." Nilikuwa mwanamke pekee katika karakana ile, na siku hiyo hiyo niliapa kwamba sitakosea.

Kiapo hicho nilikishika Singida, nikahamia nacho Kondoa kwenye mashine za kukoboa, na baadaye Babati. Wenzangu wanaume walirudishiwa kazi mbovu, wakacheka, wakarekebisha. Mimi nilijua nikirudishiwa mara moja tu itakuwa hadithi ya mwaka mzima. Kwa hiyo nilipima kila kitu mara tatu, na nikawa na mdomo pia, sikatai.

Babati niliajiriwa na kampuni binafsi ya visima ambayo siku hizi haipo. Tulikuwa na kisima Mutuka kilichopeleka maji kwenye tangi la Maisaka. Mwendesha pampu alikuwa Baba Theresia, mtu wa Sigino, mpole, mwenye daftari la shule alilolifunika kwa gazeti. Kila alipowasha na kuzima aliandika saa. Aliandika pia namba za mita ya umeme, ingawa hakuna aliyemtuma.

Halafu akaja Meneja wa Ufundi mpya, kijana msomi anayezungumza polepole, akaleta visanduku vya kukusanya taarifa. Kisanduku kinafungwa kwenye pampu, naye anasoma ofisini kupitia mtandao. Kazi ya kukiunganisha ilikuwa yangu, na niwaeleze vijana ilivyokuwa. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme badala ya kubonyezwa na kidole. Pampu ikiwaka, rilei inavuta, na kontakti zake, vipande viwili vya chuma, vinagusana. Kisanduku hupitisha umeme mdogo sana katikati ya vipande hivyo. Umeme ukipita, kinaandika kwamba pampu inafanya kazi. Usipopita, kinaandika imezimwa. Hakijui kitu kingine duniani.

Rilei niliitoa stoo. Ilikuwa kubwa, nzito, ya kubeba umeme wa mota, na niliona fahari kufunga kitu imara. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri.

Watu wa Maisaka walipoanza kulalamika kwamba maji hayafiki, Meneja alifungua kompyuta yake. Kisanduku kilisema pampu huzimwa asubuhi nzima, siku baada ya siku. Baba Theresia akasema pampu haijazimwa. Nikatumwa kupima. Kanuni ilikuwa kuzima pampu kabla ya kufungua paneli yenye swichi na rilei, nikaizima. Nikachomoa waya za kisanduku, nikaibana rilei kwa mkono, nikaweka taa yangu kwenye kontakti zake. Ikawaka. Nikarudisha waya, pampu ikawashwa, kisanduku kikasoma sawasawa. Baada ya wiki lalamiko likarudi, nikarudi nami, taa ikawaka. Mara ya tatu vilevile.

Meneja aliniita ofisini, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, "Kisanduku hakina shamba la kwenda kulima asubuhi." Akacheka kidogo. Baba Theresia akapewa barua ya kuachishwa kazi, na mimi nikaenda nyumbani nikala nikashiba.

Siku chache baadaye nilikwenda Mutuka kumwonyesha kazi mwendesha pampu mgeni. Alikuwa ametoka kidogo, pampu ikinguruma. Nikasema acha tangi lijae kwanza, nisizime. Nikafungua mfuniko wa kisanduku ili nikipanguse vumbi. Ndani yake kuna taa ndogo, kataa ka kuonyesha kwamba kontakti zimegusana. Kalikuwa kamezimika. Pampu inanguruma hadi sakafu inatetemeka, na kisanduku kinasema imelala.

Mwendesha pampu aliporudi tulizima, nikapima kama kawaida. Taa yangu ikawaka. Tukawasha pampu, na sasa kataa ka kisanduku nako kakawaka. Waya zilezile, rilei ileile. Nikakaa chini kwenye ngazi.

Kontakti za rilei kubwa hupata utando mwembamba wa uchafu. Zikibeba umeme mkubwa, cheche huuchoma utando huo. Umeme wa kisanduku ni mdogo mno, hauwezi kuupenya. Taa yangu ilikuwa inavuta umeme mwingi, kwa hiyo kila nilipopima niliuchoma utando, rilei ikapona kwa siku kadhaa, kisha ikarudia. Nilikuwa naondoa ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe, halafu naapa kwamba haupo. Kazi ile inataka rilei ndogo, yenye kontakti zilizopakwa dhahabu.

Daftari la Baba Theresia lilikuwa bado kwenye rafu ya kibanda cha pampu. Nikalifungua kwa mara ya kwanza. Namba za mita ya umeme zilipanda kila asubuhi, kiasi kilekile, bila kuruka siku. Maji, tuligundua baadaye, yalikuwa yanapotelea kwenye bomba lililopasuka chini ya shamba la mbaazi.

Sitasema nilikimbia kwenda ofisini. Nilikaa siku mbili na siri hiyo, na hizo siku mbili ndizo zinazoniaibisha kuliko kosa lenyewe. Siku ya tatu nikampelekea Meneja maelezo yangu kwa maandishi. Alisoma, akasema kwa sauti yake ya polepole kwamba itabidi yaingie kwenye faili langu. Nikamwambia yaingie. Karakana ilipata habari kabla ya chakula cha mchana, na wapo waliosema walijua tu.

Niliomba nipeleke mwenyewe barua ya kumrudisha kazini. Nilimkuta Baba Theresia kwao Sigino, anapiga mbaazi uani na mke wake. Nikaeleza yote, hadi utando na cheche. Alisikiliza mpaka mwisho, akaipokea barua kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akasema:

"Mama Joeli, ulikuja mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa nimesimama pale, daftari mkononi. Uliwahi kuniuliza kitu?"

Hakusema kwa hasira. Alirudi kazini, tukafanya kazi pamoja hadi kampuni ilipofungwa, na hakulitaja tena. Sasa nimestaafu. Vijana wa ufundi huja nyumbani kuniuliza habari za rilei na kontakti, nami huwajibu kwa raha, maana hayo nayajua. Swali la Baba Theresia siku ile halikuwa la rilei. Mke wake alinikaribisha uji, nikaunywa wote, nikaaga.