Kamba ya Velji

Velji hajawahi kushika jembe. Kazi yake ni kupima, nayo aliirithi kwa baba yake pamoja na kamba yenye fundo kila futi moja. Wanakijiji humletea chai, naye huimimina kwenye kisahani, huivuta kwa kelele, ndipo huinuka kwenda kupima. Sijaona mtu anayeheshimiwa kwa ujinga kama yeye.

Popatlal, tajiri wa pamba, alitaka njia ya magari yake ipite juu ya uga wa Monghiben, mjane anayepuria mawele yake hapo. Mama huyo akakubali kwa sharti moja: apewe uga mwingine wa ukubwa uleule, maana hata kwenye huo mavuno yake yalienea kwa taabu. Velji akaitwa.

Uga ulikuwa wa duara, umejaa masuke. Akauzungushia kamba: futi themanini na nane. Akaikunja mara nne, akapata ishirini na mbili, akazizidisha zenyewe kwa zenyewe, akatangaza futi za mraba mia nne themanini na nne. Kisha kamba ileile akaitandaza mraba kwenye shamba la Popatlal. Wazee wakaridhika.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni. Nikawaambia duara halipimwi hivyo. Kipenyo chake ni futi ishirini na nane, nusu yake kumi na nne. Kumi na nne mara kumi na nne, mara ishirini na mbili, gawanya kwa saba: mia sita kumi na sita. Mama anaporwa futi mia moja thelathini na mbili!

Velji hata hakunitazama. "Kamba si ileile, mwanangu? Au huko chuoni kamba hurefuka?"

Wakacheka, Popatlal kuliko wote.

Monghiben hakucheka. Alimwita mkwewe, wakabeba masuke kwa vikapu, wakayatandaza kwenye ule mraba kwa unene uleule. Mraba ukajaa, vikapu vikabaki. Masuke yakamwagikia kwenye pamba ya Popatlal.

"Umeyatandaza vibaya, dada," Velji akasema.

"Sawa, kaka Velji. Basi magari yapite kwenye huo mraba wako." Akaanza kurudisha masuke yake kwenye duara, na hakuutoa uga wake tena.

Wiki iliyofuata wazee walewale walitaka kusakafia jukwaa la duara mbele ya hekalu. Wakamwita Velji. Alikuja na kamba yake, akauliza chai iko wapi.